Silabasi Imeisha, Mwanafunzi Yuko Wapi?

Ifikapo Agosti, katika ofisi za walimu wa sekondari kote Tanzania, swali huwa moja: "Umemaliza?" Hakuna anayeuliza umemaliza nini. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, na mwalimu aliyemaliza silabasi anapata usingizi. Ambaye bado huomba vipindi vya wenzake, huwaita wanafunzi Jumamosi, huandika ubaoni mpaka kengele ya mwisho. Mkuu wa shule hupitia azimio la kazi kuona mada zipi zimewekewa tiki. Mthibiti ubora wa shule akija, naye huanzia hapo hapo. Andalio la somo lina sehemu ya tathmini, ni kweli, lakini sote tunajua inavyojazwa: "Wanafunzi wengi wameelewa somo." Sentensi hiyo mara nyingi imeandikwa kabla ya kipindi kuanza.

Simlaumu mwalimu. Ana darasa la watoto 80 au zaidi, vitabu vichache na mtihani wa taifa unaomsubiri. Anachofanya ndicho anachopimwa nacho: kutoa maudhui. Mwanafunzi naye hufanya kinachomhusu, yaani kunakili. Mwisho wa mwaka daftari limejaa kuanzia jalada hadi jalada. Lakini muulize swali la mada ya Machi, daftari likiwa limefungwa, uone atakavyohangaika.

Hoja ya sura hii ni kwamba namna ya kujifunza hufundishwa ndani ya somo lenyewe, ndani ya Baiolojia, Historia na Hisabati, kwa kubadili kazi anayopewa mwanafunzi juu ya maudhui yale yale. Anayetafuta somo jipya la kuongeza kwenye ratiba hatalipata hapa. Na anayedhani kwamba kufundisha namna ya kujifunza kunamwondolea mwalimu wajibu wa kujua somo lake, naye nitamkatalia mbele kidogo.

Tuanze na kumbukumbu, maana hapo ndipo jasho jingi la shule linapopotea. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana yoyote, akaziacha, kisha akazirudia ili kupima ni kiasi gani cha kazi ya mwanzo kilikuwa kimebaki kichwani. Baada ya saa moja, zaidi ya nusu ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja ilibaki theluthi hivi. Baada ya mwezi, sehemu moja kati ya tano. Watu wengi waliopita chuo cha ualimu wamewahi kuuona mchoro huo wa kusahau. Lakini Ebbinghaus aligundua jambo jingine ambalo halitajwi sana: kurudia orodha mara 38 kwa kugawanya kazi hiyo katika siku tatu kulimfaa sawasawa na kuirudia mara 68 kwa siku moja. Kazi ilipungua karibu nusu kwa sababu tu ya kupangwa vizuri. Hilo linajulikana tangu kabla babu zetu hawajazaliwa, na bado bweni zima hukesha na notisi usiku mmoja kabla ya mtihani.

Jaribio ambalo ningetamani kila mwalimu alijue ni la mwaka 2006. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, waliwapa wanachuo kifungu kifupi cha sayansi wakisome. Kundi moja lilisoma kifungu kile katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilisoma katika kipindi kimoja tu, na katika vitatu vilivyofuata likapewa karatasi tupu liandike kila linachokumbuka bila kutazama kifungu. Kwa wastani, wa kundi la kwanza walikisoma kifungu mara 14; wa kundi la pili mara tatu na kidogo.

Dakika tano baadaye walipimwa. Waliosoma tu walishinda: asilimia 83 dhidi ya 71. Mwalimu aliyepita pale na kuondoka angesema kusoma mara nyingi ndiyo njia. Lakini wengine walipimwa baada ya wiki moja. Hapo waliosoma mara 14 walikumbuka asilimia 40, na waliojilazimisha kukumbuka walipata asilimia 61. Na kuna jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Walipoulizwa wanadhani watakumbuka kiasi gani, waliosoma tu ndio waliojiamini zaidi. Kifungu kilikuwa kimezoeleka machoni mwao, wakachukua mazoea hayo kuwa ni kujua.

Huyo ndiye mwanafunzi wetu wa bwenini. Anafungua daftari, anapitia notisi, kila mstari anautambua, anapigia mistari kwa kalamu nyekundu, anafunga daftari akiwa ameridhika. Amepiga msuli kwa saa tatu. Juhudi yake ni ya kweli na haistahili kubezwa. Tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia kuwa kuutambua mstari uliopo mbele yako na kuutoa kichwani pasipo kuuona ni kazi mbili tofauti, na mtihani utamdai ya pili. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walikusanya tafiti za mbinu kumi za kujisomea ambazo wanafunzi hutumia. Kurudia kusoma na kupigia mistari, mbinu zinazopendwa kuliko zote, waliziweka katika daraja la chini. Zilizopata daraja la juu zilikuwa mbili tu: kujipima, na kugawa masomo katika siku mbalimbali.

Kwenye Hisabati upotevu ni wa aina yake. Tunafundisha mada, tunatoa maswali 20 ya mada hiyo, tunasahihisha, tunahamia mada nyingine. Mtoto anapata 18 kati ya 20 na kila mtu anafurahi. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor waliwafundisha wanachuo kutafuta ujazo wa maumbo manne wasiyoyazoea. Waliofanya mazoezi ya umbo moja hadi liishe ndipo waende jingine walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi. Waliochanganyiwa maswali walipata 60. Wiki moja baadaye waliochanganyiwa walipata asilimia 63, na wale wa mada mojamoja wakashuka hadi 20. Sababu yake inaeleweka. Anayefanya maswali 20 ya kanuni moja hafikirii kamwe ni kanuni ipi inatakiwa, kwa kuwa mwalimu ameshamchagulia kwa kuandika kichwa cha mada ubaoni. Siku ya mtihani kichwa hicho hakipo.

Hapa wapo wanaosema tatizo letu ni kukariri, na kwamba elimu mpya imekuja kuua kukariri. Sikubaliani nao. Nenda ukamtazame mtoto anayehifadhi Kurani katika chuo chochote cha pwani, Unguja, Tanga au Lamu. Hakai kutazama msahafu mchana kutwa. Anasogea mbele ya mwalimu, anasoma kwa moyo, akikwama anasahihishwa papo hapo, na kabla ya kupewa sehemu mpya anadaiwa ya jana na ya wiki iliyopita. Kudurusu ni sehemu ya kazi ya kila siku. Yote aliyoyagundua Ebbinghaus na waliomfuata yamo katika kikao hicho: kutoa kichwani, kurudia kwa nafasi, kusahihishwa bila kuchelewa. Wengi wa watoto hao hawajui bado maana ya wanachokisoma, na walimu wao ndio wa kwanza kusema kwamba tafsiri itafuata. Lakini kwa upande wa kuhifadhi, chuo kimeishinda shule kwa mbali. Shule imebaki na jina la kukariri bila hata kumfundisha mtoto kukariri vizuri.

Na kumbukumbu si adui wa kufikiri. Mwaka 1988 watafiti wawili, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwapa wanafunzi wa Marekani wa darasa la saba na la nane hadithi ya mchezo wa besiboli waisome na kuieleza. Baadhi walikuwa wasomaji wazuri, baadhi dhaifu; baadhi waliujua mchezo huo, baadhi hawakuujua. Wasomaji dhaifu walioijua besiboli waliielewa hadithi kuliko wasomaji wazuri wasioijua. Ujuzi wa kusoma haukutosha kufidia kutojua mambo yenyewe. Kwa hiyo mtu anayesema mtoto wa leo hana haja ya kujua tarehe, kanuni na majina kwa kuwa yote yako kwenye simu anampeleka pabaya. Huwezi kufikiri kwa kina juu ya Vita ya Majimaji kama hujui ilianza 1905, wapi, na kwa nini pamba ilichukiwa. Kinachotafutwa ni mtoto mwenye maarifa hayo kichwani na anayejua alivyoyapata, ili kesho apate mengine bila sisi.

Makaratasi yetu yameyasema haya kwa miaka mingi. Machi 1967, katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamikia shule zinazomfanya mtoto aamini kuwa maarifa yenye thamani yako vitabuni tu au kwa watu waliosoma, na akataka mtihani upunguziwe uzito. Mwaka 2005 Tanzania iliandika upya mtaala wa sekondari ili ulenge kujenga ujuzi. Walioingia kidato cha kwanza mwaka 2009 walisoma chini ya mtaala huo, na matokeo yao ya kidato cha nne yalipotangazwa Februari 2013, asilimia 60 hivi walikuwa wamepata divisheni sifuri. Serikali iliunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi. Kenya ilianza mtaala wa umilisi kwa majaribio mwaka 2017, ikaufanyia maziko mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023, na miongoni mwa umilisi saba wa msingi imeandika kujifunza namna ya kujifunza. Nia ni njema kabisa. Lakini wazazi wengi wa Kenya wanakumbuka walichokutana nacho nyumbani jioni: kazi za kuchapisha picha, kutengeneza vitu kwa maboksi, mzazi akimaliza na mtoto amelala. Tanzania nayo ilianza mitaala mipya Januari 2024. Mtaala unaweza kubadilishwa na wizara kwa tangazo moja. Kinachofanyika katika dakika 40 za kipindi hakibadiliki kwa tangazo.

Kuna kikwazo kimoja ambacho lazima nikae nacho, kwa sababu mijadala ya mbinu za kufundisha hupenda kukizunguka. Mbinu nyingi nilizozitaja zinamtaka mwanafunzi aeleze jambo kwa maneno yake. Mtoto wa Tanzania aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na siku hiyo hiyo maneno yake yanaondolewa. Karibu masomo yote, ukiacha Kiswahili chenyewe, ni kwa Kiingereza. Anaweza kunakili sentensi ya Kiingereza, anaweza hata kuikariri neno kwa neno, lakini hawezi kuigeuza, kuihoji wala kuitungia mfano. Kumwambia mtoto huyo asikariri ni kumwonea, maana kukariri ndicho kitu pekee kilichobaki mkononi mwake. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Clive Criper na William Dodd, waliandika ripoti iliyoonyesha kwamba kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari za Tanzania hakitoshi kujifunzia masomo mengine. Hata hivyo walipendekeza Kiingereza kiendelee, na kikaendelea. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika kwa miaka mingi akitenganisha mambo mawili: kufundisha Kiingereza kama somo, vizuri na kwa walimu waliobobea, na kukitumia kufundishia kila kitu. Mimi niko upande wake. Mpaka sera ibadilike, mwalimu mwenye huruma na wanafunzi wake atawaruhusu wajadiliane kwa Kiswahili, wakishaelewa ndipo waandike kwa Kiingereza. Wengi wanafanya hivyo kimyakimya na mlango umefungwa. Wanafanya sawa.

Sasa tuingie darasani. Chukua Baiolojia ya kidato cha pili, mada ya osmosisi, wanafunzi 80, hakuna maabara. Mwalimu anaingia na badala ya kuandika kichwa cha somo anasema: fungeni madaftari. Anauliza maswali matatu. Moja la kipindi kilichopita, moja la wiki mbili nyuma, moja la muhula uliopita. Kila mmoja anaandika majibu kwenye karatasi yake. Dakika tatu. Kisha wanalinganisha na jirani, wanafungua madaftari, wanajisahihisha wenyewe. Mwalimu hakusanyi chochote na hakuna alama zinazoandikwa. Kazi hiyo haikumgharimu hata kalamu nyekundu moja, na watoto wote 80 wametoa kitu kichwani mwao, si wale watatu wa mbele wanaonyoosha mkono kila siku.

Kisha anaweka mezani vipande viwili vya kiazi, kimoja kwenye maji matupu na kingine kwenye maji ya chumvi nyingi. Kabla ya kueleza lolote anataka kila mmoja aandike: kitatokea nini, na kwa nini unadhani hivyo? Wapo watakaokosea, na ndicho anachokitaka, maana aliyebashiri anasubiri jibu kwa hamu na aliyenakili hasubiri kitu. Mpishi yeyote aliyewahi kutia chumvi kwenye kachumbari na kuiacha kidogo ameona maji yakichuruzika. Mwalimu anawauliza yale maji yametoka wapi. Ndipo anafundisha, kwa ufasaha, akijua somo lake: utando, ukolezi, mwelekeo wa maji. Sehemu hii ni ya mwalimu na hakuna haja ya kuificha. Kumwacha mtoto agundue osmosisi peke yake ni kupoteza muda wake. Dakika tano za mwisho, madaftari yamefungwa tena: andika ulichojifunza, na mahali pamoja ulipokwama. Mwalimu anachukua karatasi kumi tu za kusoma jioni, na kesho anajua aanzie wapi.

Mwalimu mwenzangu ataniambia kwamba nimekula dakika kumi za kipindi na silabasi haitaisha. Ni kweli, robo ya muda imekwenda. Lakini hesabu muda unaotumika kidato cha nne kufundisha upya mada za kidato cha kwanza na cha pili kwa sababu hakuna anayezikumbuka, na Jumamosi zote zile, na tuisheni anayolipia mzazi. Deni lile lipo. Tunachagua tu kulilipa mapema au kwa riba. Hata Singapore, ambayo wanafunzi wake hufanya vizuri sana katika mitihani ya kimataifa, mwaka 2004 Waziri Mkuu wake wa wakati huo, Lee Hsien Loong, aliwataka walimu wafundishe kidogo ili wanafunzi wajifunze zaidi. Wanaopanga muhtasari wa masomo Dar es Salaam na Nairobi wangeweza kuwasaidia walimu kuliko semina kumi kwa kuondoa baadhi ya mada.

Jambo moja linaweza kuua haya yote kwa siku moja, nalo ni fimbo. Maswali ya dakika tatu yanafaa kwa sababu yanamwonyesha mtoto asichokijua akiwa bado na nafasi ya kukijua. Mwalimu akichapa kila aliyekosa, kesho yake darasa zima litakuwa limejifunza jambo moja: kuchungulia kwa jirani. Mtoto anayeogopa huficha asichokijua, na kisichojulikana kikifichwa hakuna anayeweza kukifundisha. Vivyo hivyo kicheko cha darasa, na ile tabia ya kutangaza wa mwisho mbele ya paredi. Kujifunza namna ya kujifunza kunaanza pale mtoto anapoweza kusema "hapa sijaelewa" na asipatwe na baya. Shule ambayo neno hilo halisemeki haijafika hata mwanzo, iwe na kompyuta au isiwe nazo.

Mtihani wa taifa nao unastahili lawama yake. Ukiuliza orodha na fasili, walimu watafundisha orodha na fasili. Swali linalompa mtahiniwa jedwali asilowahi kuliona na kumtaka aeleze linasema nini lina nguvu kuliko waraka wowote wa wizara, kwa kuwa mwezi mmoja baadaye litakuwa linafanyiwa mazoezi katika kila shule. Watunga mitihani wanaijua nguvu yao. Waitumie.

Kwa mzazi nina ombi moja. Mtoto akirudi shule, acha kwanza kumuuliza amepata ngapi. Mwambie akueleze walichosoma Jumatatu ya wiki iliyopita, bila daftari, kwa lugha mnayoiongea nyumbani. Huhitaji kulijua somo lenyewe. Ukiona mahali hapaeleweki, mwambie hapo hapo: "Hapo sijaelewa, nieleze tena." Akishindwa, arudi kwenye daftari atafute, kisha akueleze tena kesho. Na wewe mwalimu, usisubiri mtaala mwingine. Chagua darasa moja kati ya yale unayofundisha, ulifanyie maswali matatu ya madaftari yaliyofungwa kila kipindi kwa muhula mmoja, halafu linganisha mtihani wa mwisho wa muhula na darasa lako jingine. Matokeo utakayoyapata yapeleke ofisini, uwaonyeshe wenzako kabla hawajaulizana nani amemaliza.